Ndege Wageni wa Ghuba ya Speke, na Jinsi Watokako Kulivyojulikana

Nataka kunena nanyi habari za ndege wa pwani. Najua wapo watakaosema, "Mwalimu huyu ni mtu wa Issenye, nchi ya nyasi na nyumbu. Bahari aliijua lini?" Neno lao ni la haki. Lakini mto Grumeti, ambao watu wa kwetu wanaujua vema, huenda magharibi na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, na ghuba hiyo ni mkono wa Ziwa Viktoria. Ziwa hilo lina ufuko na mawimbi, lina mchanga na matope, na juu yake huruka shakwe na buabua kama kule Tanga au Kilwa. Ndege hawaonji maji kwanza ili wajue kama yana chumvi.

Mwaka juzi, mwezi wa Januari, niliwachukua wanafunzi kumi na wawili wa chuo chetu cha ualimu, tukashuka kwa lori hata Bunda, na kutoka hapo tukaenda ufukoni upande wa Ndabaka. Nilichagua Januari kwa sababu. Wakati huo nchi za kaskazini zimeshikwa na baridi kali, maziwa yao yameganda yakawa kama mawe, wala mdudu haonekani. Basi ndege wanaokula wadudu na vijidudu vya matopeni hawana la kufanya huko. Wako kwetu.

Asubuhi ya kwanza wanafunzi waliona ndege wengi wadogo wa rangi ya udongo wakikimbia ukingoni mwa maji, wakasema wote ni kitwitwi. Hawakukosa, maana jina hilo hutumika kwa jamii nzima ya ndege hao. Lakini mtu akisema "ng'ombe" bado hajasema ni ng'ombe wa nani. Nikawaambia wasitazame rangi kwanza, kwa kuwa katika majira haya karibu wote wamevaa kanzu ya kijivu au ya hudhurungi. Watazame miguu, mdomo na mwendo.

Wa kwanza alikuwa peke yake juu ya jiwe. Mgongo wake wa hudhurungi, tumbo jeupe, na weupe huo umepanda mbele ya bawa kama ndoana. Hakutulia hata kidogo: nyuma yake ilipanda na kushuka kana kwamba imefungwa kwa kamba. Aliporuka alikwenda chini chini juu ya maji, akipiga mabawa kwa haraka kisha akiyakaza. Huyu ukimjua mara moja humsahau. Wa pili alikuwa kwenye dimbwi walipokunywa ng'ombe. Mgongo wake una madoadoa meupe, miguu yake yaelekea manjano, na ana mstari mweupe juu ya jicho. Wa tatu ni mrefu, miguu yake ya kijani, mdomo wake umepinda kidogo kuelekea juu, naye hulia mara tatu kwa sauti kubwa akiondoka, na kilio chake huwafukuza ndege wengine wote. Wawindaji wa bata hawampendi.

Palikuwa na mdogo kuliko wote, miguu yake myeusi, kundi zima likikimbia na kudonoa kama cherehani. Uzito wake ni gramu 25 hivi. Mkumbukeni huyu, nitarudi kwake.

Na hapa sina budi kuungama kosa langu. Niliwaonyesha wanafunzi ndege wawili wakila pamoja katika majani mafupi, mmoja mkubwa wa shingo ndefu, mwingine mdogo karibu nusu yake, wote migongo yao kama magamba ya samaki. Nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Hawa ni aina mbili." Jioni nilifungua kitabu, nikaona ni dume na jike wa aina moja. Kwao, wakati wa kuzaa, dume huota ukosi mkubwa wa manyoya shingoni, wengine mweusi, wengine mweupe, wengine mwekundu, naye hucheza na kugombana na madume wenzake mbele ya majike. Huku kwetu huja bila ukosi, kama bwana harusi aliyekwisha kuvua joho. Kesho yake niliwaambia wanafunzi kwamba nilikosa. Mmoja aliandika hilo katika daftari lake, nami nikamwacha.

Walakini jambo lililotushughulisha zaidi ni jingine. Katika matope tuliona ndege wawili wanaofanana, kila mmoja ana ukanda mweusi kifuani. Mmoja ana kanda mbili na duara jekundu kulizunguka jicho. Mwingine ana ukanda mmoja na miguu ya rangi ya chungwa. Mwanafunzi mmoja, kijana wa Nata, alisema, "Mwalimu, huyu wa kanda mbili namjua. Hutaga mayai yake juu ya changarawe kando ya mto kwetu, nimeyaona mara nyingi. Lakini huyu wa ukanda mmoja sijapata kuona yai lake. Hutaga wapi?"

Nikawauliza wote: je, yuko aliyeona yai la yule mwenye kutikisa nyuma? Hakuna. La yule wa miguu ya kijani? Hakuna. Na hao ni vijana waliochunga mbuzi tangu utoto, ambao hakuna kiota wasichokijua.

Palikuwapo mvuvi mzee, Mjita, akishona wavu wake kivulini. Tukamwendea, tukamwamkia, nikamwuliza swali hilo. Akasema, "Mwanangu, hao hutaga ng'ambo, Ukerewe." Aliyekuwa akimsaidia kushona, naye ni Mkerewe, akacheka sana, akasema, "La, mzee, sisi kwetu husema hutaga huku kwenu bara."

Nilifurahi kusikia maneno hayo, maana ndiyo hasa historia ninayotaka kuwasimulia. Kwa muda wa miaka zaidi ya 2,000 watu wenye elimu walikuwa katika hali ile ile ya wavuvi wale wawili.

Zamani za kale, yapata miaka 2,300 iliyopita, Aristotle, mwanachuoni wa Wayunani, aliandika kitabu kikubwa cha habari za wanyama. Aliona kwamba mbayuwayu hutoweka Uyunani wakati wa baridi. Alijua kwamba ndege wengine huhama, lakini wa namna ya mbayuwayu alisema baadhi yao hujificha mashimoni na kupukutika manyoya. Tena alisema kwamba ndege mmoja mwenye mkia mwekundu hugeuka akawa ndege mwingine mwenye kifua chekundu, kwa kuwa huyu hutoweka wakati yule anapotokea. Tusimcheke. Alitazama vizuri, lakini alitazama upande mmoja tu.

Katika mwaka 1555, Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uswidi, alitoa kitabu chenye picha ya wavuvi wanaovuta wavu kutoka majini, na ndani ya wavu mna samaki na mbayuwayu pamoja. Aliamini kwamba mbayuwayu hulala chini ya maziwa wakati wa baridi wamefungamana kama shada. Baada yake, katika karne ya 17, Mwingereza Charles Morton alikataa kabisa neno hilo la kulala matopeni, akasema kwamba ndege huhama kweli, nao huenda mwezini! Alikuwa na hesabu yake: safari siku 60. Kwa maoni yangu huyu Morton, pamoja na kichekesho chake, alikuwa karibu na ukweli kuliko wenzake, maana alikubali kwamba ndege mdogo aweza kusafiri mbali mno. Alikosea mahali tu.

Basi kilichokata shauri la kwanza hakikuwa kitabu. Kilikuwa mkuki wa mtu wa Afrika.

Mwezi wa Mei 1822, karibu na mji wa Klütz katika nchi ya Mecklenburg, kaskazini ya Ujerumani, korongo mweupe alipigwa risasi. Walipomwokota wakaona ana kijiti kirefu kimepenya shingoni, kiasi cha sentimita 80. Wakakichunguza, wakatambua kwamba si kazi ya Ulaya. Mti wake na ufundi wake ni wa Afrika. Korongo huyo alikuwa amechomwa huku, hakufa, akaruka na kile kijiti shingoni mwake kuvuka nchi zote zilizo katikati, akafika kwao kutafuta kiota. Walimkausha, na mpaka leo yumo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Tangu hapo makorongo wengine wa namna hiyo wameonekana, jumla yao wapata 25.

Mimi hufikiri mara nyingi habari za yule mwindaji. Jina lake halikuandikwa popote, wala hakuna ajuaye kijiji chake. Labda alirudi nyumbani jioni ile akiona haya, akawaambia watoto wake kwamba ndege amekimbia na silaha yake. Hakujua kwamba ameandika barua, na kwamba itasomwa.

Yatupasa kufahamu pia kwa nini korongo alifaa kwa kazi hiyo. Ni ndege mzito, hapendi kupiga mabawa mwendo mrefu, bali hupanda juu kwa hewa ya moto itokayo ardhini na kisha kuteleza. Juu ya bahari hewa hiyo haipandi kama juu ya nchi kavu. Kwa hiyo makorongo wa mashariki ya Ulaya huizunguka bahari, hupita Istanbul, nchi ya Shamu na Sinai, huufuata mto Naili, kisha huja kwetu na kuendelea hata kusini ya Afrika. Ninyi mnaokaa karibu na mbuga za Serengeti mmewaona wakishuka kwa mamia penye viwavi jeshi na nzige. Babu yangu aliwapenda kwa sababu hiyo, akatukataza kuwatupia mawe.

Lakini ni vigumu kungoja ndege achomwe mkuki. Aliyepata njia iliyo bora alikuwa mwalimu wa shule, nami nalisema hili kwa majivuno kidogo. Jina lake Hans Christian Mortensen, wa mji wa Viborg katika nchi ya Denmark. Mwaka 1890 alijaribu kuwafunga ndege pete za zinki, akaona ni nzito. Akangoja. Mwaka 1899 alipata alumini, madini mepesi, akatengeneza pete ndogo zilizochorwa jina la mji na namba, kila ndege namba yake, akawafunga kwezi 165 na kuwaachilia. Ndiyo yote. Hakuna mashine wala fedha nyingi. Ila kila namba iliandikwa daftarini kwa uangalifu. Mwaka 1901 kituo cha kutazama ndege kilianzishwa na Johannes Thienemann huko Rossitten, pwani ya bahari ya Baltiki, na makorongo wengi wakavikwa pete.

Waingereza nao walishika kazi hiyo. Mwezi wa Mei 1911, John Masefield, mwanasheria wa Cheadle katika Staffordshire, alimfunga pete mbayuwayu aliyejenga kwake. Mwezi wa Desemba 1912 mbayuwayu huyo huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba katika Natal, Afrika ya Kusini. Namba ilisomwa, barua ikapelekwa London. Habari za kulala matopeni zikaisha siku ile.

Wakati ule ule watu wengine walikuwa wakikusanya ngozi za ndege huku kwetu. Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, alikuwa mmoja wao, na Anton Reichenow wa Berlin alitoa kati ya 1900 na 1905 vitabu vyake vikubwa juu ya ndege wa Afrika. Mtu alipoweka ngozi ya kitwitwi wa ziwa hili mezani karibu na ngozi ya kitwitwi wa kaskazini, aliona ni mmoja. Hivyo yule mdogo wa gramu 25, ambaye niliwaomba mmkumbuke, ikajulikana kwamba kiota chake kiko Siberia ya kaskazini, mahali pasipoota mti, penye jua la usiku na mchana katika mwezi wa Juni. Kutoka huko hata Ghuba ya Speke ni zaidi ya kilomita 7,000. Hakuna Mjita wala Mkerewe ambaye angeliona yai lake, hata angelitafuta maisha yake yote.

Sasa nisimulie jambo la nyumbani kwetu, ingawa si la kujisifu. Nilipokuwa darasa la tatu, viwavi jeshi walishuka Issenye, na makorongo wakaja nyuma yao. Kaka yangu mkubwa hakulisikia katazo la babu. Alimpiga mmoja kwa rungu, akamleta nyumbani. Mguuni mwa ndege palikuwa na pete ya madini yenye herufi na namba. Hatukujua ni nini. Mmoja wetu alisema ni ndege wa mtu, amefugwa, tukaogopa kwamba mwenyewe atakuja kumdai. Basi kaka aliikata ile pete, akaizungushia mpini wa kisu chake ili usipasuke. Kisu kilipotea miaka mingine baadaye alipokuwa akivuka mto wakati wa masika. Kule mbali alikuwako mtu mwenye daftari, na katika daftari lake mna namba moja ambayo mbele yake pamebaki patupu. Sisi ndio tuliomnyima jibu, nasi tulikuwa tumeishika barua mkononi, tena tulijua kusoma.

Ndiyo maana siku hizi huwaambia wanafunzi: ukimwona ndege mwenye pete akiwa hai, usimwue kwa ajili ya pete. Soma unachoweza kukisoma. Ukimkuta amekufa, andika herufi zote na namba zote bila kuacha hata moja, andika mahali na tarehe, umpelekee mwalimu au afisa wa wanyamapori. Pete yenyewe huwa imeandikwa kituo ilikotoka.

Siku hizi kuna vyombo vinavyowekwa mgongoni mwa ndege ambavyo huzungumza na satelaiti huko juu, na mtu huweza kumfuata ndege mmoja siku kwa siku. Mwaka 2022 ndege mchanga wa ufukoni, mwenye mdomo mrefu, alifuatwa hivyo kutoka Alaska hata kisiwa cha Tasmania. Aliruka siku 11, kilomita 13,560, bila kutua hata mara moja, bila kula wala kunywa. Nilipousoma habari huo kwa wanafunzi hawakuniamini, nami siwalaumu.

Vyombo hivyo vimetuletea neno lituhusulo sisi hasa. Katika ziwa letu kuna shakwe wa aina mbili walio rahisi kutambulika. Mmoja ni mwenyeji: mabawa ya kijivu, mdomo mwekundu na miguu myekundu, na wakati wa kuzaa kichwa chake huwa cha kijivu. Mwingine ni mkubwa zaidi, mgongo wake mweusi kama mkaa, mdomo wa manjano wenye doa jekundu karibu na ncha. Huyu wa pili huzaa Finland na visiwa vya Baltiki, na wengi wao, wakikimbia baridi, huja moja kwa moja hata Ziwa Viktoria. Hukaa penye mialo ya wavuvi, hula dagaa na matumbo ya samaki yaliyotupwa. Nao wamekuwa wakipungua kwao kwa miaka mingi. Wataalamu wa Finland wanauliza kama dhara linawapata kule wanakozaa, au njiani, au huku wanakokaa nusu ya mwaka. Kwa jambo hilo wa kule hawawezi kupata jibu wao peke yao, kwa kuwa nusu ya maisha ya ndege huyo huipitisha mbele ya macho ya watu wa Bunda na Musoma.

Asubuhi ya mwisho, lori likiwa limekwisha kuwashwa, shakwe mmoja mwenye mgongo mweusi alitua juu ya mtumbwi uliopinduliwa, hatua kama hamsini kutoka kwetu. Kijana wa Nata alikuwa na darubini. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ana pete." Ilikuwa pete ya plastiki, kubwa, ya kusomwa kwa mbali. Wote tulikaa chini mchangani. Dereva alipiga honi, nikamwashiria kwa mkono aache. Kijana alisoma polepole, herufi kwa herufi, na mwenzake akaandika. Walipata tatu. Ya nne ilikuwa upande wa pili wa mguu.

Tulingoja ageuke. Mzee mvuvi alikuja akasimama nyuma yetu, akauliza tunatazama nini, nikamweleza. Hakusema kitu. Alikwenda akachukua samaki mdogo katika kapu lake, akamrusha upande wa kushoto wa mtumbwi. Shakwe aligeuza kichwa, akapiga hatua moja, kisha akaruka, akamchukua samaki majini na kwenda zake kuelekea Ukerewe.

Katika daftari la chuo chetu namba ile ingali imeandikwa hivyo, tatu na nafasi moja tupu, pamoja na tarehe na jina la mwalo. Januari ijayo tutashuka tena, na yule mzee amesema atatuwekea samaki.